Kabla Mkubwa Hajapanda

Nilipanda kabla ya mkubwa wangu. Basi, nimesema. Miaka imepita na sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu, si mume wangu, si mchungaji, si yule mama wa Kikongo wa kanisani ninayemwambia hata mambo ya chumbani. Najua wapo watakaocheka. Kupanda tu? Kwani uliiba? Sikuiba kitu cha mtu. Nilichimba vishimo katika kishamba kidogo kusini mwa Stockholm, nikatia punje za kitunguu saumu, nikafukia, nikarudi nyumbani kuoga. Lakini tangu siku ile mvua ya Oktoba ikianza, situlii kwenye kiti, na mume wangu akiniuliza nina nini namjibu vibaya.

Mkubwa wangu ni nani? Mimi ni Mtaita, nina mdomo, na subira sina wala sijawahi kudai ninayo. Niliolewa na Mjaluo tuliyesoma naye chuo kimoja Nairobi, naye akanileta Uswidi kumfuata kaka yake, aliyetangulia kuja kusoma akaajiriwa akabaki. Huyo kaka ndiye shemeji yangu, na mke wake ndiye mkubwa wangu. Kwetu Kenya wanawake walioolewa na ndugu wawili huitana wake wenza kwa utani, ingawa kila mmoja ana mume wake na mlango wake. Wao walikaa Rågsved, sisi Hagsätra, kituo kimoja mbele, pale treni ya laini ya kijani inapokwisha. Yeye alikuwa mpishi wa shule. Mimi nilikuwa nikizunguka majumbani kwa wazee, kuwaogesha na kuwapa dawa. Alinizidi umri kwa miaka kumi na kitu, na nilipofika sijui hata kufunga buti ndiye aliyenifundisha kutembea juu ya barafu. "Usisimame wima hivyo, utavunjika kiuno! Tembea kama bata, nani anakutazama huku?"

Kishamba kilikuwa chake. Manispaa inakodisha vipande vya ardhi kwa watu wa magorofani, kila mtu na chake, na Waswidi wanaviita koloni. Aliposikia neno hilo mara ya kwanza alicheka mpaka akashika tumbo. "Haya, mke mwenzangu, safari hii tunatawala sisi." Alinikatia nusu bila kuniuliza kama naitaka. Tulipanda sukuma wiki, maharagwe, viazi, na kunde ambazo hazikukubali hata mwaka mmoja. Na saumu. Saumu ndiyo iliyokuwa roho yake.

Saumu ya huku hupandwa wakati kila kitu kingine kinakufa. Unaitia ardhini Oktoba, inaota mizizi kabla udongo haujaganda, kisha inalala chini ya theluji mpaka Aprili. Mke mwenzangu alipata mbegu yake kwa mzee mmoja wa Kiswidi, jirani yetu pale shambani, ikawa anavuna Agosti, anachagua vichwa vikubwa, anavigawa katika soksi mbili ndefu za nailoni. Soksi moja yake, moja yangu, kila mtu anaitundika jikoni kwake kungoja siku.

Na siku yenyewe ilikuwa na utaratibu. Kwao Wajaluo, mkubwa hajapanda, mdogo hapandi. Anaanza mama wa boma, wanafuata wake za wanawe kwa ukubwa wa waume zao. Yapo na mengine yanayotakiwa kwa mke na mume kuamkia siku ya kupanda, ila hayo sitayaandika, watoto wangu wanasoma Kiswahili kidogo. Ukiruka mstari inakuja chira. Walinieleza kwamba chira inamkausha mtu, anakonda, anakohoa, dawa hazimwingii, na si lazima impate mkosaji, inaweza kumpata mtoto wake au yule aliyemruka. Wakwe zetu walikuwa mbali, kule ziwani. Kwa hiyo mkubwa wa Stockholm alikuwa yeye.

Mimi nilikuwa nikimcheka. "Hiyo chira yenu ilipitaje uwanja wa ndege? Nani aliipa viza?" Yeye anacheka pamoja nami, halafu anasema, "Cheka, mdogo, lakini ngoja zamu yako." Nami nangoja. Kila Oktoba anavua glavu ya mkono wa kulia hata kuwe na baridi ya namna gani, anazamisha kidole cha shahada ardhini mpaka kifundo cha pili, anaanzia mwisho wa juu wa tuta, anatia punje ya kwanza, anafukia kwa kiganja. Anapanda mstari mmoja mzima. Kisha anageuka: "Haya, mdogo, leta zako." Ndipo nami napiga magoti.

Mwaka ninaousema ulikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, kabla simu zote hazijawa za kugusa. Mvua ilianza Agosti tukivuna, na haikukata. Si mvua ya kishindo, maana ile ya kishindo ningeiheshimu. Ni rasharasha ya kuchosha, asubuhi, mchana, jioni, mbingu imeshuka mpaka kwenye paa za magorofa. Septemba maji yakatuama kati ya matuta. Oktoba ukikanyaga shambani buti linabaki na mguu unatoka na soksi.

Kwetu Taita hiyo ingekuwa baraka. Vuli ndiyo mvua ya kupandia, na tone la kwanza likianguka mama yangu huwa tayari amelaza jembe mlangoni. Huku miezi ni ile ile lakini mambo ni mengine. Mvua ikizidi, hupandi. Punje inakaa majini, inakosa pumzi, inaoza. Ukisema ungoje udongo ukauke, baridi inafika kabla, ardhi inaganda, na jembe likigonga linakurukia. Yule mzee wa Kiswidi alisimama kwenye uzio na kofia yake ya mvua, akaniambia binamu yake mwenye mashamba ya ngano nje ya mji alikuwa ameshindwa hata kuingiza trekta. Magurudumu yanazama. Ngano ya kupandwa vuli imebaki ghalani, na wale waliowahi kupanda mapema miche yao imesimama ndani ya maji, imegeuka manjano. "Sijaona hivi tangu nikiwa kijana," akasema. "Msiguse udongo huu. Ukiukanyaga ukiwa hivi, unauua."

Basi tungengoja tu. Lakini mwezi huo huo mke mwenzangu alilazwa.

Alikuwa na kikohozi tangu wakati wa mavuno. Alisema ni mvuke wa jikoni, mara akasema ni unyevu wa shambani. Walipompima wakakuta ni ugonjwa wenyewe wa uvimbe, ule usiopendwa kutajwa, tayari umesambaa. Nilipokwenda kumwona wodini nilikuta kitambaa cha kichwa kimekuwa kikubwa na uso umekuwa mdogo. Nilijikaza nisilie. Neno lake la kwanza halikuwa salamu.

"Umepanda?"

"Nipandeje na wewe uko hapa?"

"Vizuri. Nisubiri." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Daktari anasema dawa zikinikubali nitatoka wiki chache hizi. Nataka niipande ya mwaka huu kwa mkono wangu. Nikiipanda mimi, nitakuwepo kuing'oa."

Alisema hivyo bila kujihurumia, kama anayepanga zamu zake za kazi. Nilielewa kwamba ameshikilia hapo, na kwamba hakuwa na pengine pa kushika. Nikamwambia nitamsubiri. Nilimwambia mara mbili.

Shemeji alinisindikiza mpaka kwenye lifti. Ni mtu wa kompyuta, msomi, hapendi mambo ya kale kuzungumzwa mbele ya wageni. "Sikiliza," akasema, "najua wewe unaona ni upuuzi. Lile shamba usiliguse. Nakuomba, na tena nakukataza." Sikumjibu. Nilibinya kitufe cha lifti. Nilichukia kukatazwa na mwanamume asiyejua hata saumu inapandwa kichwa juu au kichwa chini.

Wiki zikapita na mvua haikuniachia. Soksi yangu jikoni ilianza kuota. Nyumba ilikuwa na unyevu, nguo hazikauki, na punje zikatoa vincha vya kijani kupitia nailoni. Saumu haikai miaka miwili. Usipoipanda vuli hii, mbegu imekwisha. Kila nikipika naziona. Nikipita naziona.

Halafu zikaja siku mbili za jua. Ilikuwa katikati ya wiki, anga imesafishwa, upepo unavuma. Nilimaliza kazi saa sita mchana kwa bibi mmoja aliyekuwa ameniita majina tangu asubuhi, nikapanda treni na hasira yangu, nikashuka, nikapitia jikoni, nikatungua soksi, nikaenda.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nilijiambia ni mbegu, mbegu inaharibika, yeye mwenyewe angelia kuona mbegu inaharibika. Nilijiambia mimi ni Mtaita, chira ya watu inanihusu nini. Nilikuwa nimechoka pia, nasema kweli, kuitwa mdogo na huku nakaribia arobaini. Lakini chini ya hayo yote palikuwa na jambo jingine. Nilikwisha kumtoa hesabuni. Nilimwambia nitakusubiri, na moyoni nikasema huyu hatoki. Ningeamini kwamba anatoka, ningengoja. Dhambi yangu ni hiyo, na saumu ni kisingizio.

Tuta alikwisha kulichagua yeye tangu Agosti. Juu udongo ulikuwa na ukoko mkavu, unadanganya. Nilipotoboa kwa kidole, maji yalitiririka ndani ya kishimo polepole. Mimi ni mtoto wa milimani. Nimezaliwa kwenye matuta, nimekua nikichimba mitaro ya maji na baba yangu, najua kabisa hupandi mahali kishimo kinapolia. Nikapanda. Nilianzia mwisho wa juu, kwa sababu ndiko kunakoanziwa, na nilijua ninachofanya. Nilipanda soksi nzima, nikaacha nusu ya chini ya tuta wazi. Kisha nikakusanya majani makavu chini ya miti ya barabarani, nikayatandaza juu, vizuri, mstari kwa mstari. Mzee wa Kiswidi hakuwepo siku hiyo. Jioni ile mvua ikarudi.

Wiki tatu baadaye simu ikalia nikiwa kazini. "Mke mwenzangu! Niko nje. Jumamosi tunapanda." Nilipiga vigelegele hadi mzee niliyekuwa nikimvisha soksi akashtuka. Nililia kwa furaha, haki ya Mungu. Nililia kwa furaha kwanza, na nilipokata simu ndipo nilipolikumbuka tuta.

Kwa nini sikwenda kuzing'oa? Siku tatu nilikuwa nazo. Nilijiambia sitaki kukanyaga udongo. Nilijiambia majani yamefunika, nitamwelekeza mwisho wa chini, hataona. Ukweli ni kwamba niliogopa kwenda peke yangu.

Jumamosi ile shemeji alitupeleka na gari, akatushusha langoni, akaenda kununua mchanga, kwa sababu mke wake alikuwa ameagiza mifuko mitatu. Ilikuwa Novemba imekwisha kuingia, baridi ya kuuma pua, mvua imekata, na watabiri wakisema ardhi itaganda wiki hiyo. Alivaa makoti mawili. Alitembea amenishika mkono, mwepesi, na kila hatua kumi tunasimama avute pumzi.

"Tuanzie huku chini leo," nikasema. "Huko juu maji yametuama."

"Tangu lini tunaanzia chini?"

Akapiga magoti mwisho wa juu. Akavua glavu kwa meno. Akasogeza majani, akazamisha kidole. Kidole kikaingia kidogo kikakoma.

Alichimbua taratibu akatoa punje. Ilikuwa imelainika, ngozi imeteleza, chini yake mzizi mmoja mweusi. Akaileta puani. Kisha akainua macho, hakunitazama mimi, akaitazama ile mistari ya majani, mmoja baada ya mwingine, mpaka ilipoishia.

Nilingoja anitukane. Nilimwomba Mungu anitukane. Yeye alikuwa na matusi matamu, ya kijijini kwao, ya kumfanya mtu acheke na kulia, na siku hiyo ningeyapokea yote nikashukuru. Akairudisha punje kishimoni. Akaifukia, akaikandamiza kwa kiganja, akakaa hivyo kidogo mkono ukiwa juu ya udongo.

"Maji mengi hapa," akasema. "Inua tuta jingine pale kwenye uzio. Refu, juu. Uchanganye mchanga."

Shemeji alileta mifuko akarudi garini kupata joto. Nililima. Niliinua tuta kama tunavyoinua kwetu, nikakata mtaro kando yake, maji yakaanza kushuka yenyewe, nami nikatokwa jasho na machozi pamoja ili yasitofautishwe. Yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejifunika kanga juu ya makoti. Nilipomaliza akashuka akapiga magoti. Alipanda soksi yake nzima. Punje zilikuwa zinamponyoka vidoleni, na nilipotaka kusaidia alinipiga kikofi kidogo mkononi. Ilichukua muda mrefu sana. Alipofukia ya mwisho aligeuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Haya, mdogo, leta zako."

Sikuwa na kitu mkononi. Sikuwa na kitu nyumbani. Nilisema, "Nimezisahau, mke mwenzangu."

"Utaleta," akasema.

Nikamvisha glavu, tukarudi garini. Walinishusha Hagsätra. Alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo.

Usiku wa Jumanne ardhi ikaganda. Krismasi akalazwa tena, na mara hii hakutoka. Nilikwenda kila siku ambayo zamu iliniruhusu. Mara tatu nilifunga mlango wa chumba nikavuta kiti ili niseme, na mara zote tatu alinikatiza. Hebu nipe maji. Hebu nivute blanketi, miguu inapigwa baridi. Mara ya tatu alisema tu, "Leo nimechoka, mdogo, usinichoshe." Nilimshukuru kwa kuninyamazisha, na nikamchukia kidogo pia.

Nilijua dawa ya kosa langu ipo. Mimi niliyekuwa nikiicheka viza ya chira, nilimdodosa mume wangu jioni moja kana kwamba natania, akaniambia wazee husaga mizizi, mkosaji na aliyekosewa wakanywa pamoja, mambo yakaisha. Ila kabla ya kunywa, mtu husema. Bila kusema haifanyi kazi. Nilimtazama mume wangu nikaona ningeweza kusema pale pale, wali ukiwa mezani. Nikampakulia.

Mke mwenzangu alifariki mwishoni mwa Januari. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake tangu asubuhi, nimeshika ule mkono wa kulia. Shemeji na mume wangu wakamsindikiza nyumbani akazikwe kule ziwani, mimi nikabaki Rågsved na watoto wao na wangu, nikipika vyungu vikubwa, mama wa Kikongo akija kila jioni kuimba na sisi. Kila mtu alisema nimejitahidi. Watoto wake walinikumbatia wakanishukuru kwa Kiswidi.

Aprili nilikwenda shambani peke yangu. Theluji ilikuwa imebaki vipande vipande chini ya uzio. Tuta lake la kwenye uzio lilikuwa limejaa majani mabichi ya saumu, imara, marefu kama kidole, mstari haukukosa hata nafasi moja. Nikaenda kwenye langu. Nikaondoa yale majani niliyoyatandaza. Hapakuwa na kitu. Nilifukua kwa mikono mahali pote na kila nilipogusa palikuwa na ute na harufu mbaya. Soksi nzima. Hata moja haikuota.

Nilikaa kwenye tope nikapiga kelele. Nilimkasirikia yeye, ndiyo, yeye, kwa kufa na saumu zake zikiota. Nilivunja mwiko wa watu kwa ajili ya uozo. Ningengoja kama nilivyoahidi, ningepoteza nini?

Niliitunza saumu yake kuanzia hapo, nani mwingine angeitunza? Lakini niliogopa kuligeuzia lile tuta mgongo. Ile ndoo aliyoikalia niliisimamisha wima siku ya kwanza, mdomo juu, ikinge mvua. Wiki iliyofuata niliikuta imepinduliwa, hapo hapo kando ya tuta. Nikaisimamisha. Nikaikuta imepinduliwa. Nilimwuliza mzee wa Kiswidi, akasema yeye hagusi vitu vya watu, pengine ni upepo. Kiangazi chote kile kilikuwa hakina upepo. Niliacha kuisimamisha. Nilikuwa nikipalilia nikiwa nimeielekea, kama mtu anayezungumza na mgeni, na siku nyingine kweli nilizungumza. Nilimwambia habari za watoto. Lile jingine sikulisema hata kwa ndoo.

Agosti shemeji akanipigia kwamba anataka tuvune pamoja. Alikuwa amekonda, ndevu zimepata mvi. Tulisimama mbele ya tuta na hakuna aliyeinama, kwa sababu kuvuna nako kuna mkono wa kwanza, na sote wawili tulijua ulipaswa kuwa wa nani.

"Wazee waliniuliza kule nyumbani," akasema. "Mtu akiugua msimu wa kupanda akafa, lazima waulize nani alitangulia."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia alivyoniambia yeye. Siku ile tulipokushusha, aliamka ndani ya gari. Akaniambia ni yeye aliyekutuma utangulie kupanda. Kwamba ulipomtembelea wodini alikukabidhi mbegu za kwanza mkononi, na ukakataa. Ukakataa mara mbili, akakuapisha. Akaniambia nikumbuke maneno hayo vizuri, nitakuja kuulizwa." Alifuta macho kwa kiwiko. "Wazee wakasema basi, mkono ulikuwa wake. Wakaufunga mjadala."

Nilifungua mdomo. Mungu ni shahidi wangu, niliufungua.

"Na mimi pale kwenye lifti nikakukemea," akasema shemeji. "Kumbe ulikuwa umebeba kiapo chake, ndiyo maana hukunijibu. Nisamehe, shemeji. Nimekuwa nikitafuta siku ya kukuambia."

Alikuwa amevua kofia. Alikuwa ananingoja.

"Nimekusamehe, shemeji," nikasema, nikainama nikang'oa ya kwanza.